Ndege Anayesubiri Jibu

Paukwa!

Pakawa.

Basi sogeeni, wajukuu zangu wa Matambarale, wa Ruangwa mjini, wa Nachingwea na wa popote mnaposoma maneno haya. Leo sina hadithi ya sungura na fisi. Nina habari za ndege mmoja, na ni za kweli tangu mwanzo hadi mwisho.

Ndege mwenyewe hana makuu. Ni mdogo kuliko njiwa, ana rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na akiruka mkia wake unaonyesha manyoya meupe pembeni. Dume ana koo jeusi na shavu jeupe. Ukimpita hivi hivi hutamkumbuka. Lakini yeye akikuona, anakujia. Anatua kwenye tawi la karibu na kuanza kelele kama za kiberiti kilichojaa njiti kinapotikiswa: cha-cha-cha-cha. Kisha anarukia mti wa mbele na kungoja. Ukimfuata, anarukia mwingine. Ukichelewa, anarudi kukuchukua. Mwisho ananyamaza, nawe ukiinua macho kwenye tundu la mti unaona nyuki wakiingia na kutoka.

Huyo ndiye ndege wa asali. Anajua nyuki walipo, lakini hana moshi wala shoka. Binadamu ana moshi na shoka, lakini hajui nyuki walipo. Wakaungana tangu zamani za zamani: binadamu anachukua asali, ndege anabakiwa na nta, na nta ndiyo chakula chake. Viumbe wanaoweza kula nta na ikawashibisha ni wachache sana duniani, na huyu ni mmoja wao.

Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa nchini Msumbiji, wanaishi Wayao, ndugu wa Wayao wa Nachingwea, Masasi na Tunduru. Wao hawakai kumngoja ndege awatafute. Wanamwita. Ulimi unatetemeka, kisha linafuata guno fupi: "Brrrr, hm!" Mwaka 2016 watafiti wakiongozwa na Claire Spottiswoode walitangaza matokeo ya kazi yao pamoja na warina asali hao. Walitembea porini wakicheza sauti mbalimbali kwa spika. Kwa sauti nyingine, ndege alijitokeza kuwaongoza karibu mara 33 katika kila matembezi 100. Kwa sauti ya Wayao, alijitokeza mara 66. Mwaka 2023 yakatoka matokeo mengine: kaskazini mwa nchi yetu, kwa Wahadzabe, ndege wa asali huitwa kwa mluzi, na ndege wa kule huitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko mwito wa Wayao. Wa Niassa nao wanaupenda mwito wa Wayao kuliko mluzi. Kila ndege anaitikia lugha ya majirani zake.

Sasa tegeni sikio. Kinda la ndege huyu halifundishwi kuongoza na mama yake. Mama hutaga yai katika kiota cha ndege mwingine na kwenda zake. Inaaminika kwamba kuongoza amezaliwa nako, na sauti ya watu wa kwao hujifunza baadaye. Lakini hakuna mtoto wa binadamu aliyezaliwa anajua kusema "Brrrr, hm". Warina asali wa Niassa walipoulizwa wameutoa wapi mwito huo, walijibu kwamba waliusikia kwa baba zao. Baba alikwenda porini na mtoto, mtoto akasikia, akajaribu, akakosea, akapatia. Ziko sehemu za Afrika ambako watoto hawakupelekwa tena. Sukari ilifika dukani, msitu ukafyekwa, hakuna aliyemfuata ndege, na urafiki ule ukafifia.

Neno langu la leo linaanzia hapo. Pori linasema na mtoto. Mtoto aliyejifunza kulijibu anakua vizuri zaidi, macho, mwili na akili. Na pori nalo, lisipopata mtoto wa kulijibu, linapoteza mlinzi.

Mimi nilijifunza kujibu kwa bibi yangu mzaa mama. Aliniita "mume wangu", kama mabibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na kiangazi kilipoingia, ufuta umeshavunwa na mbaazi bado ziko shambani, alinichukua kwenda kuchimba ming'oko. Nyinyi wa Lindi na Mtwara mnaijua; mnainunua imechemshwa stendi. Kwa msomaji wa mbali nitaeleza kwamba ni viazi vya porini, vyembamba kama vidole, vinavyoota vyenyewe chini ya vichaka bila kupandwa na mtu. Huchemshwa kwa chumvi, na mwaka wenye njaa vimeokoa nyumba nyingi.

Siku ya kwanza bibi alisimama mbele ya kichaka akasema, "Mume wangu, hapa pana chakula. Kitafute." Nikatazama juu, nikatazama chini. Niliona vijiti na majani makavu tu. Akakishika kidole changu akakipeleka polepole hadi kwenye uzi mkavu uliojizungusha kwenye kijiti, mwembamba kama kamba ya kiatu, wenye majani matatu manne yaliyokauka yenye umbo la moyo. "Huu ndio mlango," akasema. "Haya, piga hodi."

Tukapiga magoti. Alichimba kwa muo, yaani fimbo ngumu iliyochongwa ncha, akinionyesha namna ya kuufuata mzizi bila kuukata. Udongo wa juu ulikuwa wa kijivu na mwepesi kama majivu. Chini yake ukaja mwekundu. Chini zaidi ukawa na ubaridi, ingawa jua lilikuwa linachoma mgongo. Mkono wangu ulizama hadi kiwiko, na nilipokigusa kiazi cha kwanza nilipiga ukelele kama mtu aliyeshika samaki. Bibi hakunikemea. Alipomaliza kuchukua, alikirudisha kichwa cha mzizi shimoni, akakifukia, akakanyagia kwa kisigino.

"Bibi, mbona unaacha?"

"Hilo fungu la mwakani."

Tukirudi tulipita njia ya miti. Alinionyesha mninga, ambao ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Alinionyesha mkongo, nikaokota maganda yake mazito kama mbao na kuyapasua kwa jiwe. Ndani zilikaa mbegu nyeusi zinazong'aa, kila moja imevaa kofia nyekundu. Nilijaza mfuko wa kaptula nikachezea bao hadi mvua. Alinionyesha miombo inayochipua majani mekundu kabla tone moja la mvua halijaanguka, kana kwamba msitu mzima umewaka moto usiounguza. "Miti imeshaanza kujiandaa," alisema, "na wewe jembe lako liko wapi?"

Hebu fikirini mtoto alifanya nini siku ile. Alitafuta kitu kidogo katikati ya vitu vingi. Alikumbuka njia bila kibao. Alivumilia kuchimba muda mrefu kwa ajili ya kiazi kimoja. Alipima nguvu ya mkono wake asikate mzizi. Aliuliza swali, akapewa jibu la kufikiria hadi uzeeni. Kazi hizo zote ni mazoezi ya akili, na alizifanya akicheka.

Mwili nao ulikuwa unapata fungu lake. Chukueni macho. Katika miji mingi ya dunia, hasa Asia ya Mashariki, watoto wengi wanaanza kuona vizuri vya karibu tu, vya mbali vinakuwa ukungu, na wanahitaji miwani mapema. Katika mji wa Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12 za msingi. Watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, katika shule ambazo hazikuongeza kitu, watoto karibu 40 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo hilo. Katika shule zilizoongeza dakika 40, walikuwa kama 30. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2015. Sababu kubwa inayotajwa ni mwanga. Mwanga wa nje, hata kivulini, una nguvu mara nyingi kuliko wa darasani, na unalisaidia jicho linalokua lisirefuke kupita kiasi. Kwa hiyo bibi aliponituma nitafute uzi mkavu kichakani, kisha akanionyesha mwewe angani, alikuwa analitunza jicho langu bila kujua maneno ya madaktari.

Chukueni tena udongo. Huko Finland, nchi ya baridi kali, ziko shule za chekechea zenye viwanja vya changarawe na mchanga mtupu. Watafiti walileta vipande vya sakafu ya msitu, na majani yake na mimea yake midogo, wakavitandaza uani ili watoto wa miaka 3 hadi 5 wachezee. Baada ya siku 28 tu, ngozi za watoto hao zilikuwa na aina nyingi zaidi za vijidudu visivyodhuru, na damu yao ilionyesha dalili kwamba kinga ya mwili inajifunza kujiongoza vizuri zaidi. Habari hizo zilitoka mwaka 2020. Wenzenu wanaletewa msitu kwa gari. Nyinyi wenu uko nyuma ya shamba la mikorosho.

Lakini msidhani kwamba kuishi karibu na pori ni sawa na kulijua. Mtu anaweza kulala hatua mia moja kutoka kwenye mninga na asijue jina lake. Siku hizi ziko simu, yako masomo ya ziada, viko vibanda vya video, na miti inageuka mkaa kila siku inayopita. Mtoto wa Matambarale anaweza kukua akiwa mgeni wa kwao kama mtoto wa ghorofani Dar es Salaam.

Na ugeni huo una gharama. Nachingwea ni shahidi. Mwaka 1946, baada ya vita kuu ya pili, Waingereza walikuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia, wakatuma wataalamu Tanganyika kutafuta pa kulima karanga. Wataalamu hao walikaa wiki 9 tu, na sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa ndani ya ndege. Mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa, kisha Urambo na huku kwetu Nachingwea. Walitaka kufyeka zaidi ya ekari milioni 3. Walileta matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kutoka huko hadi Nachingwea.

Pori likawaambia mambo, hawakuyasikia. Mizizi iliyofumana chini ya ardhi ilivunja vyuma vyao. Kule Kongwa mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye mpango, na udongo ulipokauka ulikuwa mgumu kama saruji, karanga zikabaki zimefungwa humo. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea. Reli nayo iling'olewa baadaye. Nikikumbuka kidole changu kwenye ule uzi mkavu, nawaza: watu wale walikuwa na fedha, mashine na elimu ya vitabu. Walichokosa ni mtu aliyekua akichimba udongo ule kwa mikono, ambaye wangempa nafasi ya kusema.

Mambo huwa tofauti kabisa pale mwenyeji anapopewa nafasi. Kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, upande wa bonde la mto Mbwemkuru, kiko kilima kinachoitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba hapo mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa waliokufa zaidi ya miaka milioni 145 iliyopita. Waliochimba walikuwa mamia ya watu wa huku kwetu, na tani zipatazo 225 za mifupa zilibebwa kwa miguu, safari ya siku nne, hadi Lindi. Mmoja wa waliosimamia uchimbaji aliitwa Mohammadi Keranje. Zaidi ya miaka mia moja ikapita. Mwaka 2019 wataalamu waliichunguza upya mifupa ya mkia mmoja wakagundua kwamba ni wa dinosaria ambaye hakuwa na jina. Wakamwita *Wamweracaudia keranjei*. Neno la kwanza maana yake mkia wa Wamwera, na la pili linamtukuza Keranje. Mwanafunzi wa Kimwera unaposoma haya, jua kwamba jina la watu wako limeandikwa katika elimu ya dunia, kwa sababu ya watu waliojua kusoma ardhi yao.

Hata hivyo sitawadanganya kwamba pori ni mchezo mtupu. Kulijibu pori ni pamoja na kusikia linaposema "rudi". Kati ya mwaka 1990 na 2004 simba waliua watu zaidi ya 560 katika nchi yetu, na Lindi ni miongoni mwa mikoa iliyoumia sana. Wengi walikuwa shambani au madunguni wakilinda mazao dhidi ya nguruwe pori. Utafiti wa mwaka 2011 ulionyesha jambo ambalo wazee wengi hawatalishangaa: hatari huongezeka siku zinazofuata mwezi mpevu. Usiku wa mbalamwezi simba huonekana na mawindo yake, hivyo hubaki na njaa. Siku zinazofuata, mwezi unachelewa kuchomoza, jioni inakuwa giza totoro, na watu bado wako njiani. Kwa hiyo jueni umri wa mwezi, na jua likianza kuinama muwe nyumbani.

Mengine nayasema kwa ufupi, lakini myashike. Msiende peke yenu, nendeni na mkubwa anayeijua njia. Tembo hata akiwa mbali, geuzeni. Uyoga unaota kwa wingi mvua za kwanza zikinyesha, na ulio mtamu na wenye sumu unaweza kufanana kama mapacha, basi usiingie chunguni mpaka mkubwa anayeujua ameukubali. Msitie mkono kwenye shimo msilolijua. Nyuki ni kazi ya watu wazima wenye moshi, na moto wao lazima uzimwe kabisa kabla ya kuondoka. Na wale mnaowasha nyasi ili kuwatoa panya, wale mnaowaita samaki nchanga, acheni: moto hauchagui, unakula viota, miche na mizinga ya jirani.

Mtu aliyelelewa hivyo hulipa deni. Kule Ihithe, Nyeri nchini Kenya, alikuwepo binti mdogo aliyetumwa na mama yake kuteka maji kwenye kijito karibu na mti wa mugumo. Aliona mayai ya chura majini, akadhani ni shanga, akajaribu kuyainua ayavae, yakamponyoka kila mara. Alikwenda kusoma hadi Marekani, na aliporudi alikuta mugumo umekatwa na kijito kimekauka. Binti huyo ni Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianzisha harakati za kupanda miti zilizoenea Kenya nzima, na mwaka 2004 akapata Tuzo ya Nobel ya Amani. Wengine walipita hapo wakaona kisiki. Yeye aliona zile shanga hazipo, kwa kuwa aliwahi kuzishika.

Basi nawapa kazi, na haihitaji daftari. Chagueni mti mmoja, kila mtu wake. Utembeleeni kila wiki, mkubwa akijua mlipo. Mjue unachipua lini, ndege gani anatua, mdudu gani anapanda gome. Kisha nendeni kwa bibi au babu, pigeni magoti, mseme, "Shikamoo, mti huu unaitwaje kwa lugha yetu, na unafaa nini?" Mtashangaa mzee aliyekuwa amenyamaza barazani anavyosimama kutafuta fimbo yake.

Mimi mwaka uliofuata nilirudi kwenye kile kichaka. Bibi miguu ilikuwa inamuuma, akabaki kivulini na kuniacha nitangulie hatua chache. Nilitembea nimeinama, na safari hii hakuna aliyenishika kidole. Nikauona ule uzi mkavu, umejizungusha kwenye kijiti kile kile. Nilichimba, nikachukua, nikakirudisha kichwa cha mzizi na kukifukia kwa kisigino. Nilipogeuka bibi alikuwa ananitazama, hakusema neno, akatikisa kichwa tu kwa kuridhika.

Wayao wa Niassa wakimaliza kurina asali, hukusanya nta na kuiweka juu ya majani mabichi, mahali ndege anapoiona. Hilo nalo ni fungu la mwakani. Naye bado yuko katika miombo, anatikisa kiberiti chake, anarukia mti wa mbele, anageuka kutazama kama kuna mtoto anayekuja.